Shedi ya taa ya uzi: jinsi ya kuitengeneza nyumbani na ikauke hata kwa baridi la Mbeya

Zile shedi za taa za mviringo za nyuzi nyuzi ambazo mnaziona zimening'inizwa kwenye migahawa na saluni, alafu ukiwasha taa ukuta wote unajaa vivuli vya mistari, hazina maajabu yoyote. Ni puto, gundi na uzi wa kufumia bas. Shida ni kwamba maelekezo mengi yanayozunguka yanatoka kwa watu wa joto, utasikia "iache usiku mmoja asubuhi imekauka". Labda Dar. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku mmoja hata soksi haikauki, na wale wa Makete na Njombe ndio kabisa, kwahiyo ukifuata yale maelekezo kama yalivyo asubuhi unakuta limenywea lote, uzi umelegea umeshuka chini kama mlenda. Kuzungusha uzi ni kazi ya lisaa tu hata mtoto wa darasa la tano anaweza, kazi yenyewe ipo kwenye kukausha, na ukishaelewa hilo karibu kila uamuzi mwingine (uzi gani, gundi nzito kiasi gani, utumie puto au kitu kingine) unaufanya kwa kuangalia litakaukaje.

Tuanze na uzi. Kwenye maduka ya nyuzi utakuta akriliki ndio imejaa, ni ya bei nafuu na ina rangi zote, inafaa ila haipendi kunywa gundi, inabidi uiminye kwa vidole mpaka gundi iingie ndani. Uzi wa pamba ndio mzuri zaidi maana unakunywa gundi wenyewe na ukikauka unakuwa mgumu kweli kweli. Sufu inafaa pia ila ina vinyweleo, na vinyweleo vinakamata vumbi, mwenye nyumba ya barabara ya vumbi ajifikirie. Kamba nyembamba ya katani nayo inatoa kitu kizuri cha rangi ya asili, lakini inachoma vidole na ni ngumu kuilaza kwenye puto, sio ya kuanzia. Unene tafuta kama wa milimita mbili hivi. Ule uzi mwembamba wa vitambaa vya makochi utazungusha mpaka kesho na bado shedi itakuwa laini.

Ila mimi ushauri wangu usinunue uzi mpya. Nenda Mwanjelwa au Sido, masoko ya hapa Mbeya, kwenye mitumba, upande wa masweta, waulize zile za kuchambua chini zenye matundu, zilizochanika kiwiko, zisizo na vifungo, ambazo hamna mtu anazitaka. Geuza sweta ndani nje uangalie pale ubavuni palipounganishwa. Ukiona imepigwa ovaloki, yani kuna nyuzi nyembamba za cherehani zimezunguka ukingo uliokatwa, achana nalo, hilo lilikatwa kama kitambaa na ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi vya urefu wa mkono, utafunga mafundo mpaka uchoke. Unalotaka ni lile ambalo ubavuni kila kipande kina ukingo wake mzima, na kilichoviunganisha ni uzi mmoja tu unaopita kama mnyororo. Kata ule uzi sehemu moja, vuta, ubavu wote unafunguka wenyewe. Baada ya hapo anza kufumua kuanzia juu shingoni au begani kwenda chini, kwenye masweta mengi ukianzia chini kwenye pindo linagoma. Uzi utatoka na mawimbi mawimbi, usihangaike kuunyoosha, ukilowa gundi na ukizungushwa unanyooka. Unachotakiwa ni kuufua na sabuni na kuuacha ukauke kwanza, maana uzi wenye mafuta ya mwili haushiki gundi.

Unahitaji uzi kiasi gani? Puto la kawaida la inchi 12 ukilipuliza lifike kipenyo cha senti 28 hivi, mzunguko wake ni kama senti 88. Ukizungusha mara 120 umekula mita 105 au 106. Mizunguko 120 inatoa shedi ya wazi wazi yenye kuonyesha balbu, ukitaka iliyobana fika hata 180. Sweta moja la mtu mzima linatosha shedi kadhaa na mtoto anabakiziwa ya kofia.

Sasa puto. Chukua yale mazito kidogo, sio yale ya kupambia harusi ambayo ukiligusa na kucha limeondoka. Mpira wa puto una tabia ya kuvuja hewa taratibu hata kama umefunga vizuri, kwenye joto sio tatizo maana gundi inawahi, kwenye baridi gundi inachelewa na puto haliisubiri. Ndio maana kwa kipindi cha baridi mimi naona bora bladda ya mpira wa miguu. Mpira uliochanika ngozi haukosekani mtaani, toa bladda ya ndani, zile nyeusi za mpira wa butili zinashika hewa muda mrefu kuliko puto, na uzuri wake ukimaliza unachomeka sindano ya pampu hewa inatoka polepole bila kupasuka, alafu unaitumia tena na tena. Ubaya wake shedi inakuwa ndogo zaidi, mpira namba 5 mzunguko wake ni senti 68 mpaka 70, lakini kwa chumba cha kulala inapendeza sana.

Gundi ni ile nyeupe ya mbao wanayotumia maseremala, nusu lita inatosha na inabaki. Mahali pa joto watu wanachanganya gundi kikombe kimoja na maji kikombe kimoja. Huku usifanye hivyo, kila tone la maji unaloongeza ni tone ambalo itabidi likauke. Weka gundi sehemu sita kwa maji sehemu moja, iwe nzito kama mtindi lakini bado inapita kwenye uzi. Na kuna jambo la muhimu zaidi ya maji: gundi hizi zinakuwa na joto la chini kabisa la kufanyia kazi, nyingi zikikaukia kwenye baridi la chini ya nyuzi 10 hazishikani, zinabaki nyeupe nyeupe na kuvunjika kama chaki badala ya kuwa kioo kigumu. Usiku wa Juni na Julai Mbeya inashuka chini ya hapo vizuri tu. Kwahiyo hata kama una siku nne za kusubiri, ukiiacha stoo yenye baridi unapoteza gundi yako.

Kuna wanaouliza kuhusu uji wa unga wa ngano au wa muhogo badala ya gundi. Inawezekana, watu wameitumia miaka mingi kwenye karatasi, lakini shedi ya uji huku ni chakula. Mende wataila, panya watakuja kuionja, na ukiwa sehemu kama Tukuyu ambako manyunyu hayaishi itaota ukungu kabla hujaiwashia taa. Nunua gundi.

Vingine ni vidogo: mafuta ya mgando, maka peni, bakuli la uji la kuchorea duara, kikombe cha plastiki, brashi ya rangi ndogo, nailoni ya kutandika chini na glavu kama hutaki kubandua gundi kwenye kucha.

Puliza puto lako ukiwa kwenye chumba kile kile litakachokaukia, libane na mpira wa pesa tu usifunge fundo bado, liache masaa mawili. Hewa uliyoipuliza ilikuwa ya moto ya mapafu, ikipoa inajikunja na puto linapungua kidogo. Baada ya hapo ongeza hewa lirudi saizi yake ndio ufunge fundo kabisa. Hii hatua watu wanaidharau na ndio inayowaangusha, kwasababu puto likipungua baada ya kuzungushia uzi mbichi, uzi unabaki hauna kitu cha kuulalia.

Upande wa fundo ndio utakuwa chini ya shedi, chora duara kwa kuzungushia bakuli, upana wa senti 12 mpaka 15 ili mkono upite na balbu. Upande wa pili, kileleni, chora duara dogo la senti 4 hivi, hapo ndipo shingo ya holda itakaa, kwahiyo chukua holda yako kabisa uipime, zinatofautiana. Paka puto lote mafuta ya mgando lakini kwa kiasi, kama unavyompaka mtoto kabla ya kwenda shule, sio kama unavyopaka mkate siagi. Mafuta yakizidi yanaingia kwenye uzi na gundi inateleza.

Toboa kikombe cha plastiki karibu na kitako, tundu la kupita uzi tu, pitisha uzi ukitokea ndani kwenda nje alafu mimina gundi. Ukivuta uzi unatoka umeshalowa na ule ukingo wa tundu unakwangua gundi ya ziada. Kama unatumia akriliki pitisha pia katikati ya vidole viwili ukiminya. Kikombe kiweke ndani ya sahani maana hakikosi kudondosha.

Mizunguko ya kwanza fuata lile duara la chini, zungusha kama mara sita juu ya mstari, hiyo ndio pindo ya shedi. Fanya hivyo hivyo kwenye duara dogo la juu, hapo weka hata mara nane au kumi kwasababu ndipo panapobeba uzito wote. Alafu anza kwenda ovyo, ulalo kutoka pindo ya chini kupanda juu, unapita pembeni ya duara dogo bila kuliziba, unashuka upande mwingine, kila mara unaligeuza puto kidogo. Usizungushe kwa mwelekeo mmoja kama unafunga mzigo wa kuni. Nguvu ya shedi inatoka pale nyuzi zinapokatizana, kila makutano gundi inayashika, na shedi yenye mizunguko mingi ya upande mmoja ukiishika inakunjika kama kikapu kisichoisha kusukwa. Usivute kwa nguvu pia. Uzi ulale tu umegusa puto, ukivuta puto linabonyea na likibonyea mizunguko ya mwanzo inalegea.

Ukimaliza angalia matundu, lolote linalopitisha vidole vitatu liongezee uzi. Mwisho wa uzi upenyeze chini ya mizunguko miwili mitatu. Chukua brashi upake gundi iliyobaki juu juu, hasa kwenye pindo zote mbili.

Haya, kukausha. Litundike kwa kulifunga kamba kwenye fundo, lining'inie, nailoni iwe chini. Gundi ya ziada itachuruzika kuelekea kileleni, na kwa vile kileleni ndio juu ya shedi yako ambapo holda inakaa, pale panajikuta pamepata gundi nyingi kuliko sehemu zote, sio hasara. Baada ya nusu saa futa matone yanayoning'inia kwa kidole.

Litundike wapi? Chumba chenye jua la mchana linaloingia dirishani lakini lisilipige puto moja kwa moja. Jua la moja kwa moja la saa saba huku kwenye miinuko ni kali hata kama upepo ni wa baridi, hewa ndani inatanuka, puto linapasuka uzi ukiwa bado mbichi. Nje kwenye kamba ya nguo hapana, kwa Iringa upepo wenyewe tu utalipeleka kwa jirani. Jikoni nako hapana, mvuke wa maharage unarudisha unyevu wote. Sehemu nzuri kabisa kwenye nyumba nyingi ni sebuleni juu kabisa karibu na silingi, joto la watu, la tivii na la chakula linapanda huko, na usiku hapapoi haraka kama chini.

Na tafadhali jamani usiingize jiko la mkaa chumbani eti likaushe haraka. Puto litapasuka, hilo ni dogo. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu usingizini kila msimu wa baridi, shedi ya taa haina thamani hiyo. Kama una feni iwashe kwa spidi ndogo ikiwa mbali kidogo, upepo unaotembea unakausha kuliko moto, hata ukiwa wa ubaridi.

Kwa miezi ya baridi hesabu siku tatu. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, kukavu na joto lipo, siku moja na nusu inatosha na kama huna haraka subiri kipindi hicho. Mvua za Januari mpaka Aprili ni shida zaidi ya baridi lenyewe kwasababu hewa imejaa maji, ukiona chumvi ya mezani inaganda kwenye kopo ujue na gundi yako haikauki. Usihesabu siku peke yake lakini, pima: gundi nyeupe inapokauka inakuwa haina rangi, kwahiyo ukiona bado kuna weupe pale nyuzi zinapokatizana, ndani bado. Bonyeza kwa kidole gumba karibu na kilele, isibonyee hata kidogo. Gonga kwa kucha, ilie.

Ikishalia ndio utoe puto, na hapa usiwe na papara. Kabla ya kulitoboa, chukua upande wa nyuma wa penseli wenye kifutio, penyeza kwenye matundu usukume puto ndani kidogo kidogo, zunguka shedi yote. Utasikia kra kra kra, ni puto linabanduka kwenye uzi, na utaona gundi iliyokuwa imetanda kwenye matundu inapasuka na kudondoka kama magamba ya samaki. Endelea mpaka usiposikia tena. Alafu toboa kidogo pembeni ya fundo kwa sindano, pale ambapo mpira haujavutika sana, hewa itoke ikifuatana na mkono wako ukiendelea kusukuma. Mtu akilipasua kwa kishindo puto linajikunja kwa nguvu, na likiwa limeshikana sehemu linavuta ukuta wa shedi unaingia ndani. Ikitokea imebonyea sehemu, ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu na brashi, isukume kwa kijiko irudi, iache ikauke tena, gundi nyingi za mbao za kawaida zinalainika zikilowa. Magamba yaliyobaki toa na njiti ya kiberiti. Mafuta ya mgando yafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo sana.

Umeme sasa. Kama hujawahi kufungua holda ya darini mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, kazi yenyewe ni ya dakika chache hatakukamua. Kwa anayejua: zima meni switchi, sio swichi ya ukutani peke yake, na upime na tesita kabla hujagusa waya. Umeme wetu ni volti 230, hausamehi. Tumia holda ile yenye pete ya kuzungusha, shingo ya holda inapita kwenye tundu la juu la shedi, pete inafungwa kwa ndani na shedi inabaki imebanwa katikati. Kama tundu limekuwa pana kata duara la plastiki gumu, mfuniko wa kopo la rangi mfano, utoboe katikati iwe washa. Kwenye holda ya balbu ya kuzungusha, waya wa moto (kahawia kwenye fleksi mpya, nyekundu kwenye nyumba za zamani) unaenda kwenye kile kiulimi cha katikati, wa bluu au mweusi unaenda kwenye ganda la pembeni. Ukizigeuza hizo waya, taa itawaka vile vile, ila siku ukigusa ganda wakati unabadilisha balbu ndio utajua tofauti.

Balbu ni LED tu. Zile za zamani za waya, ya wati 60 inatoa joto la kuunguza vidole, na umeizungushia sweta lenye gundi, ikigusana akriliki inaweza kuyeyuka na pamba kuungua. LED ya wati 5 mpaka 9 inatosha, ya wati 8 au 9 mwanga wake ni karibu sawa na ile ya zamani ya 60. Hata hivyo balbu isiguse uzi, kwenye shedi ya puto iache nafasi ya senti 10 kila upande, kwa shedi ya bladda tafuta balbu ndogo. Chagua mwanga wa njano, kwenye boksi imeandikwa 2700K au 3000K, ule mweupe wa 6500K unaifanya sebule ionekane zahanati. Ukitaka vivuli vikali vya mistari ukutani chukua balbu ya kioo kisafi, yenye kioo cheupe inatoa vivuli laini visivyoeleweka. Na rangi ya uzi ina lake: nyeupe na kijivu cha maziwa zinarudisha mwanga, maruni na nyeusi zinaumeza, utajikuta una shedi nzuri na chumba cha giza.

Juu ya meza ya chakula ishushe ibaki senti 70 au 75 kutoka mezani. Sehemu ya kupita watu isiwe chini ya mita 2 na kidogo, vinginevyo kila mgeni mrefu ataisalimia kwa paji la uso. Usiiweke bafuni, mvuke utailegeza taratibu, wala jiko la kuni maana moshi unaigeuza kahawia ndani ya muda mfupi na haifuliki. Vumbi la kiangazi litoe na brashi kavu ya rangi, ile ile uliyopakia gundi kama uliiosha, ukiwa umezima taa. Anayetaka idumu zaidi apake vanishi ya maji safu moja nyembamba kabla ya kuifunga, ikauke siku mbili. Vanishi ya mafuta usitumie, inageuka njano na inanuka kila taa ikipata joto.